Watu wamehamia kwenye simu, mbona bei ya rimu haishuki?

OfsetiMoro ameandika:

Wakuu, habari za kazi. Nina duka la uchapaji hapa Morogoro. Nina GTO 52 moja, mashine ya ofseti ya rangi moja, mashine ya kukata, na vijana wawili wa kubaindi. Kazi nilizoanzia nazo zinaniponyoka mwaka hadi mwaka. Vitabu vya risiti vilimalizwa na EFD, mashine za risiti za kielektroniki. Kadi za harusi sasa ni picha ya WhatsApp. Mtu anakuja kuchapa chache za wazee na viongozi wa dini, waliobaki anawatumia kwenye simu. Kalenda za makampuni zimekauka. Ninaloshikilia sasa ni mitihani ya shule, fomu za zahanati na vitabu vya nyimbo vya makanisa.

Nilivyofundishwa mimi, kitu kikikosa wateja bei yake hushuka. Karatasi inafanya kinyume. Mwaka 2022 ilipanda mpaka nikashindwa kumaliza kazi ya shule moja kwa bei tuliyokubaliana. Ikatulia kidogo, halafu 2024 ikapanda tena. Nikimuuliza muuzaji wa jumla Kariakoo, wiki hii ananiambia dola, wiki ijayo meli, wiki nyingine "huko huko kiwandani". Nataka kujua huko kiwandani kuna nini hasa.

La pili, mtoto wa dada yangu ananisukuma niuze GTO nichukue mkopo wa saccos ninunue mashine ya mifuko ya karatasi. Hoja yake ni kwamba mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku na dunia nzima inaelekea huko. Sitaki kuweka nyumba rehani kwa habari za mtandaoni. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa ndani ya hii biashara, naomba anifungue macho.

MtuWaMgololo amejibu:

Mkuu, nilifanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, enzi za Southern Paper Mills, upande wa mashine ya karatasi, na tangu nilipotoka naagiza karatasi kwa ajili ya wachapaji wa Dar. Niwie radhi nitakuwa mrefu, kwa sababu jibu fupi ndilo unalopewa Kariakoo na halijakusaidia.

Wanaosema karatasi inakufa wanaangalia meza zao tu. Dunia bado inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 za karatasi na maboksi kila mwaka, na China peke yake inatoa zaidi ya robo. Inayopungua ni karatasi ya kuandikia na kuchapia, na ya magazeti ndiyo imetangulia. Inayoongezeka ni ya boksi, ya kufungashia na ya chooni. Aliyenunua viatu mtandaoni hakuandika barua wala hakujaza fomu, lakini viatu vilimfikia ndani ya boksi, na hilo boksi ndani ya boksi jingine.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye kiwanda cha karatasi nyeupe Ulaya, wateja wanapungua. Huwezi kuiendesha mashine nusu nusu. Mashine kubwa za siku hizi zina upana wa mita kumi, karatasi inapita kwa kasi ya gari kwenye barabara kuu, usiku na mchana, sikukuu na Jumapili. Ikisimama inakula pesa: deni la benki halisimami, mvuke lazima uwepo, mafundi wanalipwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda hashushi bei akakaa kusubiri. Anaifunga kabisa, au anaigeuza itoe karatasi ya maboksi. Na kinachofungwa kwa mpigo mmoja mara nyingi kinazidi wateja waliopotea mwaka huo. Waliobaki, mimi na wewe tukiwemo, tunagombania kidogo kilichopo. Ndiyo maana soko linanyauka na bei inapanda kwa wakati mmoja.

Chukua mji wa Kemi, kaskazini mwa Finland. Mwaka 2021 Stora Enso walifunga kiwanda chao cha karatasi cha Veitsiluoto, ajira 670 zikaondoka. Miaka miwili baadaye, mji huo huo, Metsä wakawasha kiwanda kipya cha rojo ya mbao cha tani milioni 1.5 kwa mwaka, kwa takriban euro bilioni 2. Misitu ni ile ile na bahari ni ile ile, ila karatasi ya ofisini haikutakiwa tena. Jirani yao Oulu, mashine iliyokuwa inatoa karatasi ya kuchapia iligeuzwa, sasa inatoa karatasi ya maboksi. Marekani, International Paper walijitenga na biashara ya karatasi za ofisini mwaka 2021 wakaiunda kampuni nyingine, Sylvamo. Wao wenyewe mwanzoni mwa 2025 wakakamilisha kuinunua DS Smith ya Uingereza, watu wa maboksi. Wakubwa wanapohama namna hiyo, mchapaji wa Morogoro lazima aisikie.

Mwaka 2022 ulioutaja ulikuwa na mambo mengi yaliyogongana. Meli na makontena yalikuwa bado yamevurugika tangu korona. Januari mosi wafanyakazi wa UPM Finland wakagoma, wakarudi kazini Aprili 22: siku 112 viwanda vya kampuni kubwa kama ile havitoi karatasi. Februari vita vya Ukraine vikaanza, mbao za Urusi zilizokuwa zinalisha viwanda vya Finland zikakatika. Bei ya gesi Ulaya ikapaa, na kukausha karatasi ni kazi ya moto. Machi ya mwaka huo Sri Lanka waliahirisha mitihani ya shule kwenye mkoa wa Magharibi kwa sababu hawakuwa na dola za kuagizia karatasi. Watoto wako tayari, walimu wako tayari, karatasi hakuna. Nikikumbuka hilo huwa najiuliza sisi tulikuwa umbali gani na hapo.

Tuje kwenye rojo, maana bei inaanzia hapo. Karatasi ni nyuzi za mti. Mti unakatwa vipande vidogo, unapikwa kwa kostiki soda na dawa nyingine ndani ya mtungi wa presha mpaka gundi inayoshika nyuzi iyeyuke. Viwanda vingi havina msitu wala mtungi, vinanunua rojo iliyokaushwa. Na rojo ya karatasi nyeupe siku hizi inatoka sana Brazil. Kule mkaratusi, ambao sisi Mufindi tunauita mlingoti, unavunwa ukiwa na miaka sita au saba. Msindano wa Finland unasubiriwa miaka sitini na kuendelea. Julai 2024 Suzano, kampuni ya huko Brazil, waliwasha kiwanda Ribas do Rio Pardo chenye uwezo wa tani milioni 2.55 za rojo kwa mwaka. Mgololo ilipoanza mwaka 1985 ilijengwa kwa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka, na tulijiona tuko mbali. Ribas inatoa uzito huo kwa siku tisa hivi.

Bei ya rojo hiyo ya mkaratusi iliyotangazwa Ulaya ilivuka dola 1,300 kwa tani mwaka 2022, ikaanguka karibu na 800 katikati ya 2023, ikarudi juu ya 1,400 katikati ya 2024. Wanunuzi wakubwa wanapunguziwa, lakini mwelekeo ndio huo. Peleka hesabu hiyo dukani kwako. Rimu ya A4 ya gramu 80 (yaani uzito wa mita moja ya mraba) ina kilo mbili na nusu, kwa hiyo tani moja ni rimu 400. Robo tatu hivi ya uzito wake ni rojo, iliyobaki ni unga wa chokaa, wanga na unyevu. Rojo ikipanda dola 600 kwa tani, kila rimu inabeba dola moja na ushee ya nyongeza. Kwa shilingi ya 2024 hiyo ni kama 3,000, kabla mwenye kiwanda, mwenye meli na mwenye ghala hawajaweka chao. Na ukumbuke mwaka huo dola iligusa shilingi 2,700, na meli za kutoka Ulaya zilikuwa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogopa mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Kwa hiyo yule wa Kariakoo anayesema dola, meli na kiwandani hakudanganyi. Anakupa ukweli vipande vipande.

Hapo hapo, jilinde na wanaokudanganya kweli. Nunua mzani. Rimu ya A4 ya gramu 80 ikipimwa bila kufungashiwa iwe karibu kilo 2.5, ikisoma 2.2 hiyo ni gramu 70 iliyovaa nguo ya 80, au imepunguzwa idadi. Bei ikipanda mizigo ya namna hiyo huwa mingi.

Suala la mifuko nitalirudia, ngoja nisikie na wengine.

WebuyeMjini amejibu:

Salamu kutoka Bungoma, Kenya. Ndugu wa Mgololo amesema kweli kuhusu ukubwa, na sisi wa Webuye ndio ushahidi. Pan African Paper Mills ilikuwa ndiyo mji wenyewe. Harufu yake ilikupokea barabarani kabla hujaona bomba la moshi, na mabati ya nyumba yalikuwa yanaoza mapema, lakini kila boma lilikuwa na mtu aliyekula mshahara wake. Januari 2009 ikafungwa. Madeni, stima ghali, mafuta mazito ya kuendeshea boila, magogo ya shida. Ikajaribiwa kufufuliwa, ikalala tena. Mwaka 2016 ikauzwa kwa kampuni ya kundi la Rai kwa shilingi milioni 900 za Kenya, na wengi tulisema hiyo ni bei ya vyuma chakavu.

Swali langu kwa ndugu: viwanda vya Finland na Brazil vinalipa stima kwa nani? Sisi tulikuwa tukiambiwa kila siku kwamba stima ndiyo iliyotuua.

MtuWaMgololo amejibu:

Ndugu wa Webuye, hilo swali ndilo ninalotaka kila waziri wa viwanda aulizwe. Kiwanda kipya cha rojo hakilipi umeme, kinauza. Ukishapika vipande vya mti, nyuzi ni kama nusu tu ya uzito. Nusu nyingine imeyeyuka kwenye maji meusi. Yale maji yanachemshwa mpaka yawe mazito, kisha yanachomwa kwenye boila maalum. Moto wake unatoa mvuke na umeme, na chini ya boila dawa za kupikia zinapatikana tena. Hata sisi Mgololo tulikuwa na boila ya namna hiyo. Lakini boila ndogo ina mahitaji mengi kama kubwa na inatoa kidogo, na ikiharibika unaagiza kipuri kwa dola na unasubiri. Kiwanda kinachozima na kuwaka hakipati faida hiyo hata siku moja. Kila kikiwaka kinachoma mafuta mazito kwanza. Kwa hiyo stima iliwaua kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na kusimamasimama.

Binti_wa_Ziwa amejibu:

Shikamoo kaka wa Mgololo. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Finland ya kati na nafanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Naomba niongeze kitu ninachokiona kazini. Hapa hakuna kipande kinachotupwa. Gogo likipasuliwa, pembeni zinazobaki zinasagwa kuwa vipande na lori linazipeleka kiwanda cha rojo. Äänekoski si mbali na sisi, kiwanda cha rojo cha huko ni cha tani milioni 1.3 kwa mwaka na kilianza 2017. Bosi wangu husema mbao ndizo zinamlipa mishahara, na vile vipande ndivyo vinamlipa faida. Magome yanachomwa kuzalisha joto. Bei ya vipande ikishuka, hata bei ya mbao inatikisika.

Nilipita Mafinga likizo, nikaona milima ya mabanzi inaungua tu kando ya mashine za kupasulia. Iliniuma.

Lakini msidhani huku ni raha. Tangu mbao za Urusi zikatike, bei ya magogo hapa imepanda sana, na viwanda vinasimamishwa kwa wiki kadhaa na watu wanarudishwa nyumbani bila malipo ya kazi. Wazee wa hapa wanasema Brazil watatumaliza.

MtuWaMgololo amejibu:

Marahaba dada, na asante sana. Hayo mabanzi ya Mafinga yananinyima raha miaka yote. Shamba la Sao Hill pekee lina eneo la zaidi ya hekta 130,000, ukichanganya iliyopandwa na isiyopandwa. Ongeza misindano na milingoti ya wananchi wa Mufindi na Njombe, ambao wengi wanaivuna ikiwa michanga kwa sababu ada ya shule haisubiri mti unenepe. Nyuzi za msindano ni ndefu, karibu milimita tatu, ndiyo maana karatasi ya kahawia ya Mgololo ina nguvu ya kubeba saruji. Malighafi tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kuyakusanya mabanzi, kuyachambua magome na kuyafikisha kiwandani kwa gharama isiyozidi thamani yake. Kazi hiyo haihitaji mabilioni ya Kemi. Inahitaji mashine za kusaga vipande pale pale Mafinga, mkataba wa bei ya mwaka mzima, na reli ya TAZARA inayotembea. Ningekuwa na sauti serikalini, ningeanzia hapo kabla ya kuota kiwanda cha karatasi nyeupe. Nyeupe hatumuwezi Mbrazili wala Mwindonesia. Kahawia tunaweza.

OfsetiMoro ameandika:

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Sasa nimeelewa kwa nini bei inapanda. Lakini kaka, umesema kahawia tunaweza. Basi mtoto wa dada ana haki? Nichukue ile mashine?

MtuWaMgololo amejibu:

Ana haki kuhusu mwelekeo, hana haki kuhusu mkopo. Sikiliza.

Marufuku ya Juni 2019 iliua mifuko laini ya plastiki, lakini sokoni nafasi yake ilichukuliwa zaidi na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo nayo ni nyuzi za plastiki zilizoshikanishwa kwa joto. Ni rahisi, haiogopi maji, mama anaifua. Muuza nyanya hatakununulia mfuko wa karatasi. Wanaonunua karatasi ni maduka ya dawa, wenye mikate na keki, hoteli za Zanzibar na Arusha, maduka ya nguo yanayotaka jina lao lionekane. Kenya wana kitu sisi hatuna: unga wao wa kilo mbili unauzwa kwenye pakiti za karatasi, kwa hiyo wafungashaji wao wana kazi mwaka mzima. Hesabu wateja wa namna hiyo waliopo Morogoro, kwa majina.

Pia usidhani maboksi na kahawia ni pepo. Mwaka 2025 International Paper hao hao walitangaza kufunga viwanda vyao vya karatasi ya maboksi vya Savannah na Riceboro, Georgia, na watu zaidi ya elfu moja wakakosa kazi. Karatasi ya kahawia nayo hupanda na kushuka kwa dola. Mashine ya mifuko ikishakuwa yako, rejesho la saccos halishuki.

Ningekuwa wewe, GTO siiuzi. GTO 52 inachukua karatasi ya sentimita 36 kwa 52. Hiyo inatosha bahasha ya dawa, mfuko wa mkate na mfuko mdogo wa duka la vipodozi. Nunua roli moja ya kahawia ya gramu 70 au 80, itafutie mtu wa kuikata iwe shiti, chapa jina la duka kwa rangi moja, na hao vijana wako wa kubaindi wanajua gundi kuliko mtu yeyote. Wakunje kwa mkono. Anza na maduka ya dawa, kwa sababu wanahitaji kila siku na hawabadilishi muundo. Ukifika mahali vijana wanakesha na bado oda zinabaki, hapo ndipo uzungumzie mashine, na uwe na mkataba wa karatasi wa angalau miezi sita mkononi, bei imeandikwa.

Na mitihani usiiache. Funga bei ya karatasi na shule mapema, Januari, na uandike kwenye makubaliano kwamba rimu ikipanda kuvuka kiwango fulani mnakaa upya. Walimu wakuu wengi wanakubali ukiwaonyesha hesabu ya ile dola moja na ushee. Ukija Dar nitafute kwa ujumbe wa ndani, nitakuonyesha sampuli za kahawia tatu tofauti uzijaribu kwenye GTO yako, maana nyingine zina vumbi na zitakujazia blanketi, ule mpira wa mashine unaohamishia wino kwenye karatasi.